Mieleka, jiu-jitsu, ndondi au karate: Mtindo upi hutamba katika mapigano mseto?

USIKU wa Novemba 12, 1993, wanaume wanane walikusanyika katika ukumbi wa McNichols mjini Denver, Marekani, kujibu swali ambalo limewagombanisha vijana wa mitaani na walimu wa karate tangu enzi za filamu za Bruce Lee: bondia akikutana na mwanamieleka, au mcheza sumo akikabiliana na bingwa wa mateke, ni nani atakayesalia wima?

Mashindano hayo, yanayokumbukwa kama UFC 1, yalifanyika ndani ya kizimba cha pembe nane kilichozungushiwa wavu. Hapakuwa na viwango vya uzani wala glavu za lazima. Kung'ata na kuchokora macho ni miongoni mwa mambo machache mno yaliyopigwa marufuku. Mshindi angetia kibindoni dola 50,000.

Pambano la kwanza lilidumu chini ya nusu dakika. Teila Tuli, mcheza sumo kutoka Hawaii aliyekuwa na zaidi ya kilo 180, alimvamia Mholanzi Gerard Gordeau, stadi wa savate, ambayo ni ndondi ya mateke ya Wafaransa. Tuli alianguka, na kabla hajainuka teke la Gordeau likamfikia usoni na kulirusha jino lake nje ya kizimba.

Hata hivyo, aliyetamba usiku huo hakuwa Gordeau. Alikuwa Royce Gracie, Mbrazil wa umri wa miaka 26 na kilo 80 hivi, aliyeingia kizimbani akiwa amevalia gwanda jeupe kama mwanafunzi wa judo. Bondia Art Jimmerson, aliyekuja na glavu moja tu mkononi, alisalimu amri mara alipolaliwa juu, hata kabla ya kupigwa konde la maana. Ken Shamrock alinyongwa kabla ya dakika moja kutimia. Gordeau naye alipigwa kabali katika fainali.

Zaidi ya miaka 30 imepita tangu usiku huo. Jibu lililopatikana Denver limebadilika mara kadhaa, na mchezo wenyewe, ambao sasa huitwa mapigano mseto au MMA, umekuwa biashara ya mabilioni ya dola. Kwa kijana anayetaka kujitosa humo, au mzazi anayetakiwa kulipa ada ya mafunzo ya mwanawe, suala la mtindo upi unafaa si porojo za vijiweni. Kuchagua vibaya ni kupoteza miaka, na pengine meno.

KABALI YA WABRAZIL

Jiu-jitsu ya Brazil asili yake ni Japani. Mnamo 1882, mwalimu Jigoro Kano alianzisha shule ya Kodokan jijini Tokyo na kuuita mchezo wake judo. Mmoja wa wanafunzi wa shule hiyo, Mitsuyo Maeda, alizunguka dunia akipigana kwa malipo hadi alipofika Brazil mwaka 1914. Akiwa katika mji wa Belém alimfundisha kijana aliyeitwa Carlos Gracie, naye Carlos na ndugu zake wakaugeuza ujuzi huo kuwa mali ya ukoo.

Mdogo wao Hélio, babake Royce, hakuwa na maungo makubwa. Kwa sababu hiyo aliegemea upande wa judo ambao Wajapani wengi waliupa uzito mdogo, yaani mapambano ya chini sakafuni, ambapo wenzo na subira huweza kumfidia mtu mwenye misuli michache. Mwaka 1951, katika uwanja wa Maracanã, Hélio alivunjwa mkono na bingwa wa judo Masahiko Kimura kwa mnyongo wa bega. Badala ya kuuficha mbinu huo uliomwaibisha, Wabrazil waliufundisha kwa wanafunzi wao na kuuita kwa jina la mshindi. Hadi leo mpiganaji aliyebanwa hivyo husemekana kuwa amenaswa katika 'kimura'.

Uvumbuzi uliowashtua watazamaji wa 1993 ulikuwa rahisi kueleza lakini mgumu kuamini. Katika mieleka ya kienyeji, na hata ile ya Olimpiki, anayelazwa chali ndiye aliyeshindwa. Gracie alilala chali kwa hiari. Akiwa ameshikilia kiuno cha mpinzani kwa miguu, alimzuia kupata nafasi ya kurusha ngumi zenye uzito, kisha akasubiri kosa: mkono ulionyooshwa kupita kiasi, au shingo iliyoachwa wazi.

Kabali yenyewe haihitaji nguvu nyingi. Mkono ukizungushwa vizuri shingoni hubana mishipa miwili inayopeleka damu kwenye ubongo, na mtu hupoteza fahamu kwa muda wa sekunde kumi hivi. Wakazi wa Nairobi waliowahi kuonja ngeta ya wezi wa usiku hawahitaji kuelezwa zaidi.

Gracie alishinda tena mashindano ya pili, Machi 1994, kwa kuwabwaga wapinzani wanne usiku mmoja. Desemba mwaka huo alikutana na Dan Severn, mwanamieleka aliyemzidi uzani kwa kiasi kikubwa. Severn alimlalia kwa zaidi ya dakika 15, na alipodhani mambo yamekwisha akajikuta shingo na mkono wake vimefungwa katika pembetatu ya miguu ya Mbrazil. Alisalimu amri.

Siri ilikuwa imefichuka, na siri ikishafichuka haina tena bei ya awali. Kila mpiganaji alianza kutafuta mwalimu wa jiu-jitsu, si ili awanyonge wengine bali ili asinyongwe yeye. Mnamo Mei 2000, nchini Japani, Kazushi Sakuraba alipambana na Royce kwa dakika 90 hadi ndugu zake wakarusha taulo. Mei 2006, Royce aliporejea UFC akiwa na umri wa miaka 39, Matt Hughes, mwanamieleka aliyekuwa amejifunza mbinu zile zile, alimlalia na kumtwanga hadi mwamuzi akaingilia kati katika raundi ya kwanza.

Jiu-jitsu haijafa. Charles Oliveira wa Brazil ndiye anayeshikilia rekodi ya UFC ya kuwalazimisha wapinzani wengi zaidi kusalimu amri, na alitwaa taji la uzani mwepesi mwaka 2021. Ila leo ujuzi huo ni sawa na kujua kuogelea kwa baharia. Kuwa nao hakumfanyi mtu kuwa nahodha, lakini asiye nao huzama.

WANAMIELEKA WASHIKA USUKANI

Baada ya Gracie kulikuja wanaume wenye shingo nene kutoka vyuo vikuu vya Marekani. Mark Coleman, aliyekuwa bingwa wa mieleka wa vyuo mwaka 1988 na kuiwakilisha nchi yake katika Olimpiki ya Barcelona ya 1992, aligundua kwamba mtu anayeweza kumwangusha yeyote apendavyo hana haja ya kujua kabali nyingi. Alimwangusha mpinzani, akamkandamiza, kisha akamtwanga makonde hapo hapo chini. Februari 1997 alimshinda Severn na kuwa bingwa wa kwanza wa uzani mzito wa UFC.

Miezi mitano baadaye alipata somo lake. Maurice Smith, mpiganaji wa ndondi za mateke, alivumilia akiwa chini hadi Coleman akaishiwa na pumzi, kisha akainuka na kumtandika mateke ya miguu. Kabla ya mwaka huo kumalizika, mwanamieleka mwingine, Randy Couture, alimpokonya Smith taji hilo kwa kumkandamiza dakika nenda dakika rudi.

Mvutano huo kati ya anayetaka kuangusha na anayekataa kuangushwa ndio uliojenga mchezo wa kisasa. Ikiwa ni lazima kutaja mtindo mmoja ambao umezaa mabingwa wengi kuliko mingine, ni vigumu kuukwepa mieleka. Kamaru Usman, Henry Cejudo, Daniel Cormier, Jon Jones, Matt Hughes na Couture mwenyewe wote walianzia kwenye mkeka wa mieleka. Cejudo alitwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Beijing mwaka 2008 kabla ya kuvaa mikanda miwili ya UFC, wa uzani wa nzi mwaka 2018 na wa bantam mwaka 2019.

Sababu kuu si nguvu. Mwanamieleka ndiye anayeamua pambano lipiganiwe wapi. Akikutana na bondia hodari, humpeleka chini. Akikutana na bingwa wa kabali, hukataa kwenda chini na kumlazimisha kurushiana ngumi. Bondia asiyejua mieleka hana uchaguzi huo, na vivyo hivyo mtaalamu wa jiu-jitsu asiyeweza kumwangusha mtu.

Chuck Liddell alijenga himaya yake juu ya hoja hii hii akiigeuza kinyume. Alikuwa amecheza mieleka chuoni, lakini aliitumia ili asiangushwe. Kila aliporukiwa miguuni alirusha miguu yake nyuma, akamkandamiza mshambuliaji kwa kifua, akasimama tena na kuachilia konde la kulia. Alikuwa bingwa kuanzia Aprili 2005 hadi Mei 2007 huku wengi wakimwita mpiga ngumi, wakisahau kilichomwezesha kuendelea kurusha ngumi hizo.

Jambo jingine ni mazoea. Mtoto wa mieleka hupambana na mwenzake anayekataa kuangushwa kila siku ya mazoezi, mwaka baada ya mwaka, tena hujipunguza uzani na kushindana hata akiwa amechoka hoi. Akifikisha miaka 22 huwa ameshapigana mara nyingi kuliko walimu wengi wa sanaa za kujihami wamewahi kupigana maisha yao yote.

Mfano wa ajabu ni Georges St-Pierre wa Canada. Alianza na karate ya Kyokushin akiwa mtoto baada ya kuchoshwa na wachokozi shuleni, na hakuwahi kushindana katika mieleka ya vyuo. Alijifunza mieleka ukubwani jijini Montreal, akifanya mazoezi na wanamieleka wa kiwango cha taifa. Alifikia kuwaangusha wapinzani mara 90 katika UFC, rekodi iliyodumu kwa miaka kabla ya Merab Dvalishvili wa Georgia kuipita. Waliolelewa na mieleka walibaki wakitazama dari.

SAMBO NA WATU WA MILIMANI

Katika Umoja wa Kisovieti, judo na mieleka ya makabila mbalimbali vilichanganywa na kuzaa mchezo uitwao sambo, uliotambuliwa rasmi mwaka 1938. Mmoja wa waasisi wake, Vasili Oshchepkov, alikuwa amefuzu mkanda mweusi Kodokan. Ujuzi huo wa Kijapani ulimponza. Alikamatwa mwaka 1937 kwa tuhuma za kuwa jasusi wa Japani na akafia gerezani, huku mchezo aliouleta ukiendelea bila jina lake kutajwa kwa miaka mingi.

Sambo ya kivita huruhusu kuangusha, kunyonga viungo na pia kupiga ngumi na mateke. Kwa hivyo anayeicheza huwa tayari amepita nusu ya njia kuelekea mapigano mseto. Fedor Emelianenko wa Urusi aliwatawala wazito wa dunia tangu 2003 katika mashindano ya Pride nchini Japani, na hakupoteza tena hadi Juni 2010 alipojitumbukiza katika miguu ya Fabricio Werdum, bingwa wa jiu-jitsu, akasalimu amri kwa sekunde 69.

Aliyefuata alitoka Dagestan, jamhuri ya milimani kusini mwa Urusi ambako mieleka ni kama kandanda ilivyo kwingineko. Khabib Nurmagomedov, aliyefunzwa na babake Abdulmanap, alikuwa bingwa wa dunia wa sambo ya kivita mwaka 2009 na 2010. Alistaafu Oktoba 2020, miezi michache baada ya kifo cha babake, akiwa na ushindi 29 bila kushindwa hata mara moja.

Mbinu yake haikuwa na mapambo. Alimsukuma mpinzani hadi kwenye wavu, akamwangusha hapo, akaifunga miguu yake kwa miguu yake mwenyewe, kisha akaushika mkono mmoja nyuma ya mgongo kana kwamba anamtia pingu. Mtu aliyekwama hivyo hawezi kuinuka wala kujikinga uso. Wavu wa kizimba, ambao mwanzoni uliwekwa ili wapiganaji wasianguke nje, ulikuwa umegeuzwa chombo cha kazi.

Shule hiyo haijafungwa. Agosti 2025 jijini Chicago, Khamzat Chimaev, mzaliwa wa Chechnya aliyekuwa bingwa wa mieleka nchini Uswidi, alimpokonya Dricus du Plessis wa Afrika Kusini taji la uzani wa kati. Kati ya dakika 25 za pambano hilo, alimdhibiti kwa zaidi ya dakika 21.

NGUMI, MATEKE NA VIWIKO

Wapenzi wa makonde wasikate tamaa. Pambano huanza watu wakiwa wamesimama, na kila raundi mpya huwarudisha miguuni. Isitoshe, kadiri wapiganaji wote wanavyojua kujikinga wasiangushwe, ndivyo ngumi na mateke yanavyorudi kuamua mshindi.

Katika kundi hili, Muay Thai ya Thailand imethibitika kuwa hazina kubwa zaidi. Hutumia ngumi, viwiko, magoti na ugoko, na hufundisha jambo ambalo ndondi hulikatiza: kupigana huku mmekumbatiana. Oktoba 2006, Anderson Silva wa Brazil alimshika bingwa Rich Franklin kisogoni kwa mikono miwili, akamvuta kichwa chini na kumpandishia magoti hadi pua ikapinda. Silva alishinda mapambano 16 mfululizo katika UFC kabla ya kuangushwa na Chris Weidman mwaka 2013.

Teke la paja halina mvuto kwa mtazamaji mgeni, lakini bandu bandu huisha gogo. Aprili 2010, José Aldo alimpiga Urijah Faber mateke ya mguu kwa raundi tano, hadi paja likafura na Faber akawa hawezi kusimama sawasawa. Baadaye mafundi waliteremka chini zaidi na kuanza kulenga shavu la mguu, karibu na mshipa wa fahamu unaoongoza wayo. Hapo mateke machache tu hutosha. Conor McGregor alilijua hilo Abu Dhabi mnamo Januari 2021, Dustin Poirier alipomlemaza mguu kwanza na kumzimisha kwa ngumi baadaye.

Ndondi peke yake imekuwa na historia chungu kizimbani. Agosti 2010, James Toney, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa ndondi katika viwango kadhaa vya uzani, alikutana na Couture aliyekuwa na umri wa miaka 47. Couture alimshika kifundo cha mguu, akamwangusha bila jasho na kumpiga kabali kabla ya raundi ya kwanza kumalizika.

Tatizo la bondia si ngumi zake bali mkao. Husimama upande upande na uzani wake mwingi uko mguu wa mbele, jambo linalomfanya kuwa windo rahisi la teke la paja na la mtu anayerukia miguu. Huinama kukwepa konde, akakutana na goti. Glavu kubwa za ndondi humpa ngao ya kujifichia, ilhali zile za mapigano mseto, za aunsi nne hivi, hupitisha ngumi katikati ya mikono.

Hata hivyo, akishajifunza kujikinga na hayo, hakuna ujuzi wa mikono unaoshinda wa bondia. St-Pierre alimvunja Josh Koscheck mfupa wa jicho Desemba 2010 kwa kutumia zaidi ngumi ile ndogo ya mkono wa mbele ambayo kila mtoto wa klabu ya ndondi hufunzwa siku ya kwanza.

Wacheza ndondi za mateke nao wamevuna, mradi wawe na kinga. Israel Adesanya, mzaliwa wa Nigeria aliyelelewa New Zealand, alikuwa bingwa wa uzani wa kati tangu 2019. Alipopanda uzani Machi 2021, Jan Blachowicz wa Poland alimlalia katika raundi za mwisho na kumpa kichapo chake cha kwanza. Alex Pereira, aliyemnyang'anya taji Novemba 2022, aliongeza la uzani wa juu zaidi mwaka uliofuata.

KARATE NA JUDO

Karate ilidharauliwa kwa miaka mingi baada ya 1993. Kisha akaja Lyoto Machida, aliyefunzwa Shotokan na babake Mjapani nchini Brazil. Alisimama mbali kuliko wengine, akasubiri, akaruka ndani kwa pigo moja na kutoka kabla hajajibiwa. Alitwaa taji la uzani wa lightheavy Mei 2009, na Aprili 2011 jijini Toronto akamzimisha Couture kwa teke la kuruka la mbele lililoonekana kama la filamu.

Ikumbukwe kuwa Machida alikuwa pia na mkanda mweusi wa jiu-jitsu na alijua sumo. Karate yake ilifaulu kwa sababu ilikuwa na walinzi. Mauricio Rua alimpokonya taji hilo Mei 2010 baada ya kumchosha kwa mateke ya Muay Thai katika pambano lao la awali na kumzimisha kwa ngumi katika la pili.

Taekwondo imetoa zaidi vitimbi kuliko mfumo kamili. Desemba 2010, Anthony Pettis, aliyeianza akiwa mtoto, alikimbia, akakanyaga wavu wa kizimba kama ngazi na kumpiga Benson Henderson teke la uso. Video hiyo ingali inatazamwa. Wachache wamethubutu kuiiga.

Judo ina kitendawili chake. Huangusha watu kwa ufundi wa ajabu, kwa mitama na mitupo ya nyonga, lakini mingi hutegemea kushika gwanda la mpinzani, na kizimbani hakuna gwanda. Ronda Rousey, aliyeshinda shaba ya Olimpiki mwaka 2008, alitatua hilo kwa kushika kichwa na mkono badala ya kola, akawavunja wapinzani viwiko kwa dakika chache. Novemba 2015, mjini Melbourne, bondia Holly Holm alikataa kusogelewa, akamchosha kwa ngumi na kummaliza kwa teke la kichwa.

WALIOKOSA KUPIGWA

Na je, kung fu, aikido na nyingine nyingi zenye sifa za karne? Aprili 2017 nchini China, mpiganaji Xu Xiaodong alimkabili Wei Lei, mwalimu wa tai chi, na kumwangusha kwa sekunde chache tu. Kilichofuata hakikuwa shangwe. Xu alishutumiwa kwa kuuvunjia heshima utamaduni wa taifa.

Kasoro ya sanaa hizo haiko katika mapigo yenyewe. Iko katika mazoezi. Mwanafunzi anayerushiwa ngumi moja ya taratibu, kisha mwenzake akasimama kama sanamu akisubiri kutupwa, hajifunzi kupigana hata akifanya hivyo miaka 20. Kano alilitambua hili mapema. Aliondoa mbinu za kuumiza vibaya ili wanafunzi wake waweze kutupana kwa nguvu zote bila kuuana. Ikatokea kwamba waliokuwa na mbinu chache zilizojaribiwa waliwashinda waliokuwa na nyingi za siri.

Mieleka, ndondi, judo, sambo, Muay Thai na jiu-jitsu zina tofauti nyingi, lakini zote zinalo hilo moja: mazoezini mwenzako hukataa kwa dhati.

SHERIA NAZO ZINA MWENYEWE

Ni makosa kudhani kuwa kizimba ni mizani isiyopendelea. Mashindano ya mwanzo hayakuwa na mipaka ya muda, hali iliyomfaa Gracie mwenye subira. Glavu zilipolazimishwa mwaka 1997, watu walidhani ni huruma, kumbe zililinda zaidi mikono kuliko vichwa. Mtu mwenye mikono iliyofungwa anaweza kupiga fuvu kwa nguvu zote bila kuvunja vidole.

Kanuni za pamoja zilizoanza kutumika New Jersey mwaka 2000 ziliweka raundi za dakika tano na kukataza kumpiga teke la kichwa mtu aliye chini. Katazo hilo lilikuwa neema kwa wanamieleka, kwa maana anayejaribu kumrukia mtu miguuni na kushindwa hubaki amepiga magoti. Katika Pride ya Japani, ambako mateke hayo yaliruhusiwa, kosa kama hilo liliweza kumgharimu fahamu zake. Kiwiko cha kushuka wima kilipigwa marufuku tangu 2000 na kuruhusiwa tena Novemba 2024, na aliye chini akawa na jambo moja zaidi la kuogopa.

MWEREKA WA AFRIKA

Afrika haijawa mtazamaji tu. Nchini Senegal, mieleka ya jadi iitwayo laamb hujaza viwanja vya kandanda. Oumar Kane, anayejulikana zaidi kama Reug Reug, aliutoa ujuzi huo mchangani na kuupeleka Bangkok, ambako Novemba 2024 alimshinda Mrusi Anatoly Malykhin, aliyekuwa hajawahi kushindwa, na kutwaa taji la uzani mzito la shirika la ONE.

Kenya, ambayo bondia wake Robert Wangila alileta dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988, ina mizizi mirefu zaidi katika ndondi. Wangila huyo huyo alifariki Las Vegas Julai 1994 kutokana na majeraha aliyoyapata ulingoni, jambo ambalo mzazi anayepima mitindo ana haki ya kulifahamu. Katika mieleka na jiu-jitsu viungo huumia, na magoti na shingo huchakaa. Mchezo wa ngumi huuma ubongo, na ubongo haufungwi plasta. Vijana wengi wanaofanikiwa leo huanza na mchezo wa kukamatana wakiwa wadogo, wakaongeza ngumi wakishakomaa, na mpangilio huo una mantiki hata kwa asiyetaka kupigana kamwe.

Aliyeanza kinyume ni Francis Ngannou. Alizaliwa Batié nchini Cameroon, akachimba mchanga utotoni kwa ujira mdogo, na alipofika Paris baada ya safari ndefu ya jangwani na baharini ndoto yake ilikuwa ndondi. Ngumi zake zilimfikisha haraka kwenye pambano la taji la UFC, Januari 2018. Stipe Miocic, aliyecheza mieleka chuoni, alimvumilia raundi ya kwanza kisha akambwaga na kumlalia hadi mwisho wa raundi tano. Aliyewatisha wote alionekana kama gunia.

Ngannou alirudi mazoezini. Machi 2021 Miocic alipojaribu tena kumrukia miguuni, Mkameruni huyo alirusha miguu nyuma, akamkwepa na kumtandika. Katika raundi ya pili alimzimisha kwa konde na kuwa bingwa.

Januari 2022 alimkabili Ciryl Gane wa Ufaransa, stadi wa Muay Thai mwenye wepesi usio wa kawaida kwa watu wa uzani mzito. Goti la Ngannou lilikuwa na jeraha hata kabla ya pambano, na katika raundi mbili za kwanza alipitwa kwa kasi na kwa pointi. Katika raundi ya tatu alilishika teke la Gane, akamwinua na kumbwaga. Akambwaga tena katika ya nne. Katika ya tano Gane alijaribu kumnyonga mguu, akakosa, na Ngannou akaishia juu yake hadi kengele ilipolia. Majaji wote watatu walimpa ushindi mchimba mchanga aliyekuja Ulaya kutafuta ndondi, na aliupata kwa mieleka.